Mlima wa Shangazi

Thelathini na tisa kati ya wanafunzi wangu arobaini waliandika kwenye kilele cha hadithi: “Muuguzi akaketi, akanywa chai.” Nikapitia daftari la kwanza, la pili, la kumi, chai tupu. Hadithi yenyewe ilimhusu muuguzi aliyevuka mto uliofurika kwa kushika kamba, dawa za mgonjwa zikiwa mgongoni. Nami, mwalimu wa darasa la sita kwa miaka kumi na tisa, nilikuwa nimewachorea ubaoni mlima wa kuwasaidia: mwanzo chini kushoto, matatizo yakipanda, kilele katikati, kisha mteremko hadi mwisho. Nikawauliza chai imefikaje huko juu. Wakanieleza kwa heshima zote kwamba hadithi ina sentensi ishirini na tano, wamezihesabu, na ya kumi na tatu ndiyo ya katikati, kama kilele changu kilivyo. Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto.

Daftari la arobaini lilikuwa la msichana ambaye wenzake walimwita Shangazi, kwa kuwa alikuwa amerudia darasa mara mbili na kuwapita wote kimo. Alisoma kwa sauti bila kukwama, lakini ukimuuliza kilichotokea, anaduwaa. Mwalimu mkuu alishachoka naye. Ijumaa angempa hadithi mpya ofisini, na akishindwa kuieleza, anarudishwa darasa la nne. Mama yake, dobi asiyezunguka maneno, aliniambia kwamba binti yake hatakubali kukaa na watoto wanaomfikia kiunoni, ataacha shule.

Shangazi alikuwa ameufunika ukurasa wake kwa kiganja. Nikauondoa mkono taratibu. Mlima wake ulikuwa kituko: mwinuko mrefu uliotambaa ukurasa mzima, kilele kimebanwa ukingoni kabisa, mteremko umekosa hata pa kushukia. Nikamuuliza kwa nini hakuufuata wangu.

“Kwenye chai sikuogopa, mwalimu,” alisema. “Niliogopa hapa, kamba ilipokatika.”

Jamani. Miaka kumi na tisa nachora mlima uleule kwa kila hadithi, na aliyenisahihisha ni mtoto anayesemekana haelewi kitu. Nilifuta ubao wote. Nikawaambia kila mmoja achore mlima wake, na pale moyo unapomdunda ndipo aweke kilele. Siku tatu zilizofuata darasa lilijaa milima ya kila namna: mifupi, yenye nundu mbili, mmoja ukaanza kwa kushuka, na ubishi ukawa mkali kuliko wa mpira. Mwamuzi wao alikuwa Shangazi, tena hakupendelea mtu.

Ijumaa nilisimama nyuma ya kiti chake ofisini. Mwalimu mkuu alimpa hadithi ya kurasa nne kuhusu mwashi aliyejenga zahanati. Shangazi akasoma kimyakimya, akamaliza, akaomba karatasi. Mkuu akasema ametaka maelezo, si michoro. Nikapata ujasiri ambao hadi leo sijui niliutoa wapi, nikamwomba amwache achore. Akaguna, akamsogezea bahasha kuukuu.

Nikwambie mapema usije ukahangaika: hakurudishwa darasa la nne. Lakini furaha yangu, ambayo haijapungua hata chembe, ni ya namna ilivyotokea. Alichora mstari, akaweka kidole mwanzoni, akaanza kusimulia kwa maneno yake mwenyewe. Mwashi aligundua ufa ukutani. Akauficha kwa lipu kwa kuogopa kuchekwa. Mvua ikaanza, na wagonjwa wamo ndani. Kidole kilikuwa kikipanda polepole. Mwalimu mkuu, aliyeichagua hadithi ile mwenyewe na kuisoma si mara moja, alikuwa ameweka kalamu chini na kuinama juu ya meza.

“Halafu ikawaje?” akauliza.

Shangazi hakuinua hata macho.

“Subiri kwanza, mwalimu,” alisema. “Bado tunapanda.”