Vyerehani Saba Haviachani

Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kushika chaki maishani mwake. Alichoshika ni mkasi, futi na sindano. Kwa miaka ishirini na sita alifundisha ushonaji katika chumba kimoja kirefu cha kupanga, nyuma ya duka la vifaa vya umeme. Humo mlikuwa na vyerehani saba vya kukanyaga, vyeusi, vya aina moja na umri mmoja, vilivyoshushwa garini siku moja. Vilifanana mno, hata akalazimika kuvitia nukta za rangi ya kucha ubavuni, nukta moja hadi saba, ajue kipi kinadai mafuta na kipi kimebadilishwa mkanda.

Kilichomwondoa kazini ni macho. Presha ya macho ilianza kama ukungu pembeni, ikaja ikamla jicho la kulia lote. Daktari akamwambia la kushoto lipasuliwe haraka, huenda likaokolewa. Wanafunzi nao walikuwa wameshapungua. Kutoka kumi na wanne wakabaki watatu, akabaki mmoja, likabaki vumbi. Mwenye nyumba akataka chumba chake mwisho wa mwezi.

"Mama, njoo ukae kwangu," bintiye, karani wa duka la dawa, alimwambia. "Lakini nyumba yangu unaijua. Kikiingia cherehani kimoja, itabidi mtu mmoja atoke."

Ndipo wakaamua kuviuza mtandaoni. Binti alikuja Jumapili, akavipiga picha kwa simu, mbele, nyuma na kwa pamoja. Kisha akaketi juu ya kigoda kuandika tangazo.

"Niweke bei ya kimoja kimoja?"

"Weka ya vyote. Fungu moja."

"Mama, hivi si nyanya. Watu wanataka cherehani kimoja cha kuweka nyumbani. Nani atabeba saba?"

"Mwenye nia ya kufundisha. Anayechukua kimoja atakisukuma pembeni, arundike juu yake nguo za kupigwa pasi. Anayechukua saba, huyo ana darasa kichwani. Andika: haviachani."

Binti alishusha pumzi ndefu, akaandika kama alivyoambiwa.

Simu haikukaa kimya, ila maneno yenyewe yalikuwa hewa tupu. Huyu anauliza kama bado vipo, akijibiwa vipo anapotea. Yule anataka bei ya mwisho kabla hajaijua ya kwanza. Mwingine akataka kubadilishana na friji ambayo, kwa maneno yake mwenyewe, "haigandishi sana". Mmoja akaandika: "Ukiuza vyote utabaki na nini?" Binti alicheka alipomsomea. Mwalimu hakucheka. Usiku alilala nalo swali lile.

Wiki ya tatu akaja Kifungo. Alikuwa mwanafunzi wake miaka mitano nyuma, na jina hilo walimpa wenzake kwa sababu kila shati aliloshona lilitoka na pengo la kifungo. Alikuja kwa miguu, mtoto mgongoni, vumbi limempanda hadi magotini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Leo umepotea njia?"

"Nimeliona tangazo." Alibaki amesimama. "Baba watoto hana kazi tangu mwaka jana. Mimi nimepata majirani wa kuniletea nguo za kurekebisha, lakini nashona kwa mkono, vidole vimeisha. Pesa ya kimoja ninayo, Mwalimu. Ninayo hapa hapa."

Mwalimu aliusikia moyo wake ukiegemea upande wa Kifungo. Kisha akawaza: nikimpa huyu, kesho atakuja mwingine, na mwingine, na lile darasa litatawanyika kama shanga zilizokatika uzi.

"Mwanangu, vinauzwa vyote pamoja. Nikivunja fungu, sitapata tena mtu wa saba."

"Hata hiki cha mwisho? Hakuna atakayejua."

"Nitajua mimi. Nivumilie kidogo, nitakutafutia mahali pengine."

Kifungo alikuwa ameweka mguu juu ya kanyagio bila kujijua, unapanda na kushuka taratibu. Aliutoa. "Sawa, Mwalimu. Nimekuelewa," akasema, akamweka mtoto vizuri mgongoni, akaondoka. Mwalimu alibaki mlangoni akisikiliza ndara zake zikienda mpaka zikapotea.

Siku nne baadaye alipiga simu mwanamume mwenye sauti ya ukarimu.

"Ni saba kweli, mama? Na vinafanana? Hata miguu yake?"

"Kama mapacha, baba."

"Basi usimpe mtu mwingine. Saba ndiyo hesabu niliyokuwa naitafuta."

Alituma fedha zote siku hiyo hiyo, na kesho yake asubuhi binti alizipeleka hospitali kulipia upasuaji wa jicho la kushoto. Mwalimu alikuwa na furaha ya mtu aliyeozesha. Siku mbili alivipaka mafuta kwa kupapasa, akabadilisha sindano, akafunga karatasi zake za mitindo kwenye bahasha kubwa, zawadi kwa mwalimu mpya. Lile swali la miguu lilimpita kama upepo.

Yule mnunuzi alifika na gari dogo la mizigo na vibarua wawili. Alisalimia kwa adabu, akavikagua, akatabasamu. Kisha vibarua wakatoa spana.

"Mbona wanafungua?" Mwalimu aliuliza.

"Vichwa hatuvihitaji, mama. Nafungua mkahawa. Hii miguu ya chuma ukiitandikia mbao nzuri juu, unapata meza ambayo hakuna mwenzako anayo. Wateja wa siku hizi wanapenda vitu vya zamani."

"Uliniambia unavitaka vyote."

"Na nimevichukua vyote. Meza zikitofautiana haipendezi."

"Niachie kimoja kizima. Kimoja tu, baba. Kuna mwanafunzi wangu…"

Mnunuzi alijikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyelipa. "Nafasi imeshapimwa, mama. Ni meza saba. Kama unataka kunirudishia pesa yangu, tuvunje biashara, mimi sitakasirika."

Mwalimu alimgeukia bintiye. Binti alitazama chini. Pesa ilikuwa hospitali, na siku ya upasuaji imeshapangwa. Basi Mwalimu akakaa kwenye kigoda, akasikia nati moja baada ya nyingine ikilia na kulegea. Gari lilipoondoka, vichwa saba vilikuwa vimelala ubavu sakafuni, sindano mpya zikimeta. Bahasha ya mitindo ilikuwa bado mapajani mwake.

"Mpigie Kifungo," alisema. "Mwambie nampa kichwa bure. Hata viwili."

Binti alipiga na kuweka sauti ya juu. Kifungo alishukuru sana, kama alivyofundishwa. "Lakini wale majirani wameshampelekea nguo fundi mwingine, Mwalimu. Na mimi sasa nafua nguo za watu upande wa pili wa mji. Kichwa bila miguu nitakikanyagaje? Usijisumbue. Nakuombea macho."

Simu ilipokatika, binti akamshika mama yake bega. "Hukujua, mama."

"Nilijua anayekihitaji. Alisimama hapo mbele yangu na pesa mkononi, nikamwambia avumilie."

Siku ya kukabidhi ufunguo, mnunuzi wa vyuma chakavu alivibeba vile vichwa kwenye mkokoteni, akavitupia juu ya mabati na bomba zilizopinda. Kimoja kilivunjika shingo pale pale. Mwalimu hakukiona, ila aliusikia mlio wake, na miaka ile yote alikuwa hajawahi kusikia chuma chake kikivunjika.

Jicho la kushoto lilipasuliwa. Bandeji ilipotolewa aliona mwanga wa dirisha na kivuli cha daktari kikitikisa kichwa. Mwezi mmoja mbele hata dirisha likaondoka.

Sasa anakaa kwenye kochi kwa bintiye, mikono imekunjwa mapajani. Juzi pindo la sketi ya shule ya mjukuu lilichanika. Mwalimu alimsikia mtoto akilalamika, akanyoosha mkono apewe, maana pindo angeweza kulishona hata usingizini. Hakuna aliyeuona mkono ule. Binti aliikunja sketi, akaitia mfukoni na kuipeleka kwa fundi wa barabarani, na Mwalimu akaurudisha mkono wake taratibu mahali pake.