Matumbo ya Kambare

Hasina alikuwa ameapa mbele ya Daktari Judy, mkuu wake kwenye utafiti, kwamba matumboni mwa kambare wa Mto Ramisi yumo mnyoo mweupe aliyekuwa akimwona tangu utotoni. Daktari hakubisha. Lakini nyavu zao zilikuwa zikitoka tupu tangu wafike, na gari la kuwarudisha lilikuwa liondoke alasiri hiyo. Bila mnyoo, Ramisi ungefutwa kwenye utafiti, na Hasina angehamishiwa mto wa bara asiojua hata samaki wake wanaitwaje.

Basi Kheri mvuvi alipompigia simu asubuhi hiyo kumwambia amepata kambare mkubwa, Hasina nusura aruke. Kheri akaongeza kwamba hakumkuta kambini kwa watafiti, kwa hivyo amemwacha samaki kwa shangazi yake Mwanapili. Furaha ikakatika. Alivua viatu, akatimua mbio katikati ya miwa.

Mwanapili hakuwa mwanamke wa kumpa mtu samaki mwenye matumbo. Kwake yeye, kumkabidhi mgeni samaki ambaye hajapasuliwa kulikuwa ni kumvunjia heshima, na binti wa kaka yake, aliyerudi na masomo yake, alikuwa mgeni wa kutandikiwa mkeka mpya. Hasina aliyajua yote hayo, na bado hakukumbuka kumwonya.

Alipofika uani, kambare alikuwa kwenye sinia, amesuguliwa jivu mpaka utelezi ukaisha, amekandwa ndimu na chumvi. Alipendeza, maskini.

"Shikamoo, shangazi. Matumbo yake yako wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Nimewapa mabata. Ulitaka nikuwekee uchafu?"

Mabata walikuwa kando ya mtungi, wameshiba, hawana habari. Hasina alikaa juu ya kinu akalia kwa kwikwi, na katikati ya kilio akaeleza kiapo, gari na mto. Mwanapili alisikiliza kisu kikiwa mkononi. Aliuliza jambo moja tu, kama mnyoo huyo hudhuru watu. Hasina alimjibu kwamba huyo ni wa samaki tu, na hutupwa pamoja na matumbo. Shangazi akajitanda leso, akachukua bakuli, akatoka bila kuaga.

Alasiri dereva alikuwa keshafunga masanduku juu ya gari. Hasina alikuwa akikunja wavu wa mwisho, moyo mzito, alipomwona Mwanapili akija mbio mbio, bakuli limefunikwa leso, macho chini. Alikuwa amepita nyumba kwa nyumba, kila palipokuwa na mwanamke anayepasua samaki wa mchana, akiomba matumbo ya kambare. Mwanapili huyo huyo, kiongozi wa akina mama kwenye maulidi, ambaye hajawahi kwenda kwa jirani kuomba hata chumvi! Twaiba wa nyumba ya pili alikuwa amemuuliza mbele za watu kama siku hizi anafuga paka.

"Usimwambie mtu kwamba nimekupa kitu kichafu," alinong'ona.

Mikono ya Hasina ilikuwa tayari imo bakulini. Alipasua utumbo, akausuuza kwa maji ya chumvi, akatazama. Hamna. Akapasua mwingine, hamna. Dereva alipiga honi. Kwenye utumbo mnene kuliko yote, uzi mweupe ukajikunja wenyewe.

Alimweka mnyoo chini ya hadubini, iliyokuwa bado haijafungwa. Kichwani mwa mnyoo palikuwa na duara la miiba, na miiba ile ilifunguka, ikajifunga, ikafunguka tena. Yu hai! Hasina alisikia raha imempanda mpaka utosini, akacheka huku machozi yanamtoka. Daktari Judy aliinama akatazama, kisha akamwambia dereva afungue masanduku, hawaondoki.

Halafu Mwanapili akaitwa. Alikataa, akabembelezwa, akainama. Alikaa pale muda mrefu, mdomo wazi kidogo, mpaka Hasina akadhani amechukizwa.

"Subhanallah," alisema alipoinuka. "Na mimi miaka yote hii nawatupia mabata."

Akauliza kama wanahitaji wengine. Hasina akasema wanahitaji, tena wengi. Shangazi akasuuza bakuli lake, akashika njia ya kwa Twaiba. Leso alijitanda begani, na bakuli safari hii alilibeba wazi.