Nimeshiba

1.
Mnatuita mchwa, nyinyi wa juani. Sawa. Babu zenu waliuziba mgodi wa Kizengo kwa zege, babu zetu wakiwa ndani. Tumezaana humu, tumebadilika, na salamu zenu hatuzitaki.

2.
TANGAZO KWA WAKAZI WOTE WA CHINI
Mgeni apewe chakula.
Atakayesema ana njaa, alishwe, kisha atolewe nje.
Atakayesema ameshiba, apandishwe Darini kuwa ghala. Ghala la zamani lishushwe na kuachiliwa.

3.
Ghala ni mtu. Ananing'inia, tunamjaza uji wa uyoga hadi tumbo linang'aa. Mwenye njaa humgonga kidevu, naye hutema. Mwingine asipokuja, hashuki.

        Hashuki.

4.
Mwasiti, mpima ardhi, aliingia kupitia ufa wa kaskazini, hajatia kitu tumboni tangu jana yake. Tukampa bakuli. Akaweka mkono kifuani kama alivyofunzwa na mama yake.

"Asanteni jamani, nimeshiba."

Muongo mkubwa. Tumbo lilikuwa linanguruma, sote tulilisikia. Lakini kwetu neno ni neno, na adabu zenu hazituhusu.

5.
"Nimemfuata mdogo wangu, Mwasiti. Yuko wapi?"

"Wewe nani?"

"Shomari. Kaka yake."

"Tazama juu."

6.
"Kaka, usikae hapa. Wakikukaribisha chakula, usi—"

Mtu alimgonga kidevu.

Mdomo wa ghala haufanyi kazi mbili.

7.
Tulimsomea Shomari tangazo lote, neno kwa neno, asije akasema tumemwonea. Kisha tukamwekea bakuli mbele. Uji ulikuwa bado na joto la mdomo wa dada yake.

"Karibu, tule."

Msomaji, usijifanye unamhurumia. Wewe mwenyewe ukikaribishwa kwa watu unasema umeshiba, huku unakiangalia chungu.

8.
Alikuwa na njaa. Aliyezoea uongo wa adabu angeshajibu. Huyu alikuwa anatazama juu.

Mwasiti alitikisa kichwa, akatikisa tena kwa nguvu, hadi uji ukamdondokea kaka yake begani.

Shomari alilisukuma bakuli pembeni taratibu. Akaweka mkono kifuani.

"Asanteni jamani,

9.
Ghala la zamani tukalishusha, tukaliachilia.