Mfagiaji Hampiti Mtu

Fundi alikuwa mtu wa kukalisha watu. Makochi ndiyo kazi iliyomlea. Banda lake lilijaa sponji mpaka mlangoni, roli za rekisini, ile ngozi ya bandia, zimesimama kwenye kona kama wageni waliokosa viti, na yeye katikati, misumari mdomoni, akigonga. Ukimuuliza swali ilibidi usubiri kwanza ateme misumari, kisha akupe jibu refu kuliko swali lenyewe. Kochi likimalizika alilijaribu mwenyewe, na majaribio yake yaliweza kula mchana mzima. Mwili nao ukanenepa pale ulipotumika zaidi.

Sasa mtu kama huyo, jamani, baiskeli anaitafutia nini?

Alikuwa akimtafuta mke wake. Mama huyu alikuwa mkunga, mwanamke wa kusimama kutwa na kuwaambia wenzake wasukume. Mtoto wao wa mwisho alipoolewa na nyumba ikabaki kimya, mkunga akanunua baiskeli na kujiunga na kundi la watu ambao kila mwaka huendesha pwani nzima, kutoka mji wa bandari hadi kwenye mnara wa taa. Alirudi ameungua jua, anacheka peke yake jikoni. Akawa na utani na watu ambao Fundi hata sura zao hakuzijua. Fundi, pale kwenye kochi lake, akaanza kuona kwamba mkewe anaondoka, na anaondoka kwa magurudumu mawili. Jambo hilo lilimuuma, ila alikuwa akisema ni tumbo.

Kila mwaka mkewe alimwalika. Kila mwaka Fundi alikuwa na oda ya makochi isiyoweza kungoja. Mwaka wa nne mkunga alimwambia, huku akikunja sare zake, "Baba, mwaka huu twende wote. Ukikataa sikulaumu. Ila sitakuuliza tena."

Hakupandisha sauti, na hapo ndipo Fundi alipoogopa. Mke akigomba, unajua pa kushika. Akisema kwa upole namna ile, ujue maji yamefika shingoni.

"Nitakwenda," akasema Fundi. "Na kwenye gari sipandi ng'o!"

Nani alimtuma aongeze hilo la gari? Hakuna. Ni mdomo wake tu, ambao siku zote ulitangulia na kumwacha yeye akifuata na madeni. Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya kubebea mizigo ya kundi, na waliochoka njiani walizolewa humo pamoja na mabegi. Waendeshaji waliliita Machela.

Maandalizi yake yalikuwa ya kifundi. Watu wengine wangefanya mazoezi. Yeye alitengeneza siti. Alitwaa siti nyingine ya baiskeli, akaipa sponji ngumu chini, laini juu, akaivalisha rekisini nyekundu na kuishona mshono wa mara mbili, ikatoka pana kama sinia la harusi. Majirani walikuja kuitazama. Fundi aliwaeleza kwamba dunia nzima inateseka kwa sababu wanaotengeneza siti za baiskeli hawajawahi kutengeneza kochi.

Siku ya kwanza, kabla jua halijapanda, alijua kwa nini siti zile ni nyembamba. Kwenye kochi mtu hachezeshi mapaja. Kila alipokanyaga pedali, rekisini ilimsugua huku, na alipokanyaga tena ikamsugua kule, mpaka akawa anaendesha amesimama, na siti yake ya kifalme inakwenda tupu chini yake. Kuing'oa hakuthubutu, maana ile ya zamani alikuwa ameitupa mbele ya watu, kwa hotuba.

Lakini siku hiyo hiyo alikuwa amepewa cheo. Kiongozi wa msafara, mwalimu wa michezo mstaafu aliyeitwa Kapteni, aliwapanga wote asubuhi katika fulana zao za rangi ya machungwa, akamtoa Fundi mstarini na kumvisha kizibao cha kung'aa na filimbi.

"Huyu ndiye Mfagiaji wetu," akatangaza. "Yeye huwa nyuma ya mtu wa mwisho. Mtu akipata pancha, Mfagiaji yupo. Akichoka, Mfagiaji yupo. Sheria ni moja tu: Mfagiaji hampiti mtu."

Watu wakapiga makofi. Fundi aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyezoea. Ni dhahiri, aliwaza, Kapteni ana jicho. Kazi ya kulinda wanyonge haipewi mnyonge. Njiani alimpigia simu msaidizi wake wa bandani, akampigia mkwe wake, akampigia na mteja mmoja aliyekuwa akimdai kochi, akiwaeleza wote kuhusu cheo. Kwamba mtu wa kasi yake asingeweza kuwa mahali pengine popote isipokuwa nyuma, wazo hilo halikumpitia hata kwa mbali.

Basi wakaenda. Bahari ilikuwa mkono wa kushoto, inang'aa hata huwezi kuitazama, na lami ilikuwa inachemka. Chumvi iliwakaukia mashavuni. Kundi lilitangulia, likawa nukta, likapotea. Mbele ya Fundi alibaki mtu mmoja tu, siku ya kwanza, siku ya pili, kila siku: mkewe. Alikuwa anaendesha taratibu, mgongo umenyooka, mara kwa mara anageuka nyuma na kutabasamu.

Tabasamu lile lilianza kumkera. Si kwamba anamsubiri? Mwanamke mwenye uzoefu wa miaka mitatu anajikokota ili mume asione aibu, na watu wote wanaona! Asubuhi ya siku ya mwisho, walipokuwa wakijaza maji, Fundi akamvuta pembeni.

"Mama, acha kunipunguzia mwendo."

Mkunga akamtazama. "Sikupunguzii."

"Mimi si mtoto. Watu wanacheka. Nenda mbele huko kwa wenzako, mimi nina kazi yangu."

Mkewe akafunga kifuniko cha chupa yake ya maji. Akashusha kofia machoni, akapanda baiskeli, akaondoka kwa kasi ambayo Fundi hakuwahi kumwona nayo. Si unaona? akajiambia. Alikuwa anaificha. Akajisikia mshindi, na ushindi huo ukamkaa vibaya kooni kama mwiba wa samaki.

Mchana upepo uligeuka, ukawajia usoni. Fundi aliinamisha kichwa na kusukuma. Karibu na daraja akainua macho na kuona, hatua kadhaa mbele, fulana ya rangi ya machungwa. Alhamdulillah, mtu wa mwisho ndiye huyo. Hakuwa mkewe, alikuwa mwanamume mwembamba mwenye gunia nyuma ya baiskeli. Wengine hawajui kufunga mizigo, aliwaza Fundi, gunia lote hilo la nguo za nini? Lakini sheria ni sheria. Akakaza macho kwenye fulana ile, hakuangalia kulia wala kushoto, akapuliza filimbi mara moja kumjulisha kwamba yupo, wakavuka daraja.

Kidogo yule mtu akageuka, akamwona, akaongeza mwendo. Safi kabisa! Ameona Mfagiaji, amepata moyo. Fundi akapuliza filimbi kumtia hamasa. Jamaa akaongeza tena. Akaacha lami, akaingia njia ya mchanga, na Fundi akamfuata, akimsifu Kapteni kwa kujua njia za mkato. Akapuliza filimbi. Wakapita mashamba, wakapita kisima, wakapita wanawake waliosimama na ndoo zao wakitazama baiskeli mbili zinafukuzana kwenye mchanga, ya nyuma ikiwa na siti nyekundu ambayo hakuna aliyeikalia.

Mwisho yule mtu akaruka chini mbele ya nyumba, akasimama nyuma ya gunia lake, akihema.

"Ndugu, nihurumie! Sina kitu! Hizi ni pumba za kuku!"

"Pumba?" Fundi naye hakuwa na pumzi. "Wewe... wewe si wa msafara?"

"Msafara gani? Tangu darajani unanifukuza na filimbi, mimi nimefanya nini?"

"Lakini hiyo fulana?"

"Mitumba, ndugu yangu! Fulana ya mitumba!"

Fundi akakaa chini pale pale mchangani. Maisha yake yote alikuwa akidhani anajua ujinga wake ulikoishia. Akaeleza kila kitu, cheo, sheria, kizibao. Mwenye pumba alimsikiliza, akaanza kutabasamu, akacheka mpaka akaegemea ukuta.

"Kwa hiyo ulikuwa unanisindikiza!" Akamletea maji. Kisha akaacha kucheka. "Hebu ngoja. Kabla ya daraja, pale kwenye kivuli cha ukuta, kuna mama wa fulana kama hii. Kakaa chini, kashika mguu. Nilisimama kumuuliza kama nimsaidie, akasema niende tu, mtu wake yuko nyuma, anakuja."

Fundi akayaweka maji chini. Mtu wake yuko nyuma. Na mtu wake alikuwa amepita, macho mbele, akimfuata mwenye pumba. Mfagiaji hampiti mtu, na katika watu wote wa pwani ile yeye alikuwa amempita mkewe. Akatoa simu, ilikuwa imezima, chaji yote imeishia kwenye majigambo.

Aliendesha kurudi kama hajawahi kuendesha. Siti ilimchubua, akaiacha imchubue, ni haki yake. Aliogopa kwamba hatamkuta. Na zaidi aliogopa kwamba atamkuta, na atamwona usoni kwamba ameacha kumngojea.

Mkunga alikuwa pale pale, kiatu kimoja amekivua, mguu ameunyoosha, baiskeli imelala kando.

"Mfagiaji," akasema, "ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa namsindikiza mtu na pumba zake za kuku hadi kwake."

"Nilikuona unapita. Nikakuita. Ukapuliza filimbi."

Fundi akailaza baiskeli yake kando ya ile ya mkewe. Alipiga magoti, akaushika ule mguu na kuanza kuukanda. Msuli wa nyuma ulikuwa mgumu kama mbao. Vidole vyake vilijua kazi hiyo. Maisha yote vilikuwa vikitafuta mahali penye ugumu na kupalainisha.

"Nisamehe," akasema. "Nilidhani unajizuia kwa ajili yangu."

"Mimi nijizuie?" Mkunga akacheka kidogo, macho yamelowa. "Baba, ule ndio mwendo wangu. Leo uliponifukuza nikajitutumua, na ona nilipofika. Miaka yote mitatu mimi ndiye wa mwisho."

"Wewe?"

"Mimi. Mwaka wa kwanza Mfagiaji alikuwa bwana mmoja wa benki. Kisha akawa dada wa duka la dawa. Watu wazuri tu. Lakini ukiwa wa mwisho unageuka sana, na kila nikigeuka namkuta mtu baki. Ndiyo maana nilimwomba Kapteni hicho kizibao akupe wewe."

Cheo chote kikamvuka Fundi pale pale, kikaanguka mchangani. Jicho la Kapteni, wanyonge, simu zote zile! Aibu ilimpanda, lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine kilichomfanya ashindwe kuinua uso. Alikuwa amedhani mkewe anamkimbia, kumbe miaka yote alikuwa anageuka nyuma kumtafuta.

Honi ikalia. Machela ilikuwa imerudi, na dereva akatoa kichwa dirishani. "Wazee, watu wote wako mnarani wanawangoja! Pandeni."

Fundi akasimama. "Tupande, mama. Mguu wako haufai."

"Si ulisema hupandi ng'o?"

"Nilisema mengi."

Mkunga akavaa kiatu, akasimama, akaujaribu mguu. Akauzungusha, akaukanyagia, akakunja uso, akaukanyagia tena. "Mguu utafika, tukienda polepole," akasema. "Lakini polepole yangu mimi, unaiweza?"

"Nionyeshe."

Wakaondoka, mkunga mbele, Fundi nyuma, dereva akiwafuata na Machela yake huku akipiga miayo. Baada ya daraja barabara ikawa pana na upepo ukapungua. Mkunga akageuka.

"Njoo hapa pembeni, tuongee."

"Mfagiaji hampiti mtu."

"Nani kakwambia upite? Njoo hapa."

Akasogea, wakaenda sambamba, magurudumu yakikaribia kugusana. Alimsimulia habari za mwenye pumba, na za wale wanawake wa ndoo, na za siti inayokwenda tupu, akijivua nguo mwenyewe bila kubakisha kitu, na mkunga alicheka mpaka baiskeli ikayumba. Kilikuwa kile kicheko cha jikoni, na safari hii Fundi alijua kinamcheka nani.

Kule mnarani kundi zima lilikuwa limesimama kando ya barabara, likapiga kelele lilipowaona. Mkunga akapunguza mwendo kabla hawajafika, ingawa mwendo wake ulikuwa mdogo tayari.

"Na mwakani?" akauliza.

Fundi, mtu wa majibu marefu, akameza mate kama anameza misumari.

"Nitakuja," akasema.