Ndoo ya Rangi Mbili

Leo Mama Manyoya hakukipasua kidonge. Alilijaribu bomba la soko kama kila asubuhi, likakoroma, likanyamaza. Mwaka wa tatu huu. Akamimina dumu lake la maji ndooni, akakitazama kile kidonge cha rangi mbili kiganjani, akakirudisha kwenye mkoba. Ndoo hiyo moja ndiyo ingeosha kuku, kisu, meza na mikono yake mpaka jioni.

Kidonge walifundishwa na Bwana Afya, mkaguzi wa soko, siku wachinja kuku wa meza zote kumi na mbili walipomlilia maji.

"Bomba litatengenezwa," aliwaambia. "Lakini ngojangoja huumiza matumbo. Pasueni kidonge kimoja cha dawa ya vijidudu kwa ndoo, nyama haitanuka."

Wakacheka, wakamshukuru. Na kweli, nyama haikunuka.

Sasa binti wa Mama Manyoya, kitinda mimba, mshona nguo wa miaka kumi na tisa, alikuwa na siku ya sita wodini. Lilianza tumbo, mzaha mzaha, kisha homa ikapanda na vijidudu vikaingia kwenye damu. Jana daktari alimwita mama dirishani.

"Binti amekuwa akitumia dawa gani?"

"Hajatumia, daktari. Huyu hata kidonge cha kichwa anakikimbia."

"Majibu ya maabara yamerudi. Dawa nane tumezijaribu, saba vijidudu vyake vimeshazizoea. Imebaki moja. Tumeianza, tuombe Mungu."

"Vimezizoea wapi, na yeye hajazimeza?"

"Mara nyingi kwenye chakula, mama. Nyama, maji, kisu. Dawa ikitiwa ovyo, vijidudu dhaifu hufa, sugu huzaana."

Aliposikia neno kisu hakusikia tena kitu. Kila jioni kisu hicho, akishakifuta kwenye aproni, kilikata tango la binti yake. Binti hulila na chumvi pale kizingitini, akimcheka mama kwa manyoya yaliyomganda kichwani. Mama alikaa kando ya kitanda akiitazama dripu ikidondoka, na kila tone aliliona la njano, rangi ya unga wa kidonge, ingawa maji yale yalikuwa meupe.

Leo asubuhi muuguzi aliwatoa ndugu wote mpaka saa saba mchana. "Nenda kazini, mama," alimwambia. "Kukiwa na lolote nitakupigia."

Ilipofika saa nne nyama ilikuwa imeanza kunuka. Wateja wake wa miaka walipita wameziba pua, wakaenda meza ya jirani, kwa Mama Kicheko. Maji ya ndoo yake huyo yalikuwa ya njano.

Bwana Afya akatokea na faili lake kwapani.

"Mama Manyoya, nini hiki? Nzi wanafanya harusi mezani kwako!"

"Sijatia dawa, bwana. Dawa hiyo ndiyo inayomuua mwanangu. Daktari kasema."

"Nani aliwaambia mtie dawa?"

"Si wewe? Ulisimama papo hapo ulipo!"

"Nioneshe karatasi niliyoandika."

Mama Manyoya akageuka kuwatazama wenzake. Meza kumi na moja ziliinamisha vichwa. Mama Kicheko alimnyonyoa kuku ambaye hakuwa na unyoya hata mmoja.

"Uchafu ni kosa," alisema Bwana Afya, akachora msalaba wa chaki nyekundu mezani. "Nimefunga. Usiuze tena mpaka nikwambie." Kisha akageuka. "Mama Kicheko, na wangu?"

Mama Kicheko akavuta jogoo kwenye tenga, akamfunga miguu, akampa mzima mzima, akipiga kelele. Ilikuwa hivyo kila Ijumaa. "Mke wangu hupenda kuchinja na kuosha mwenyewe," ndivyo alivyosema siku zote, nao wakimtania kwamba mke wake ana maringo.

Mama Manyoya akamtazama jogoo akipapatika mkononi mwa mkaguzi. Alijua. Miaka mitatu yote mtu huyu alijua.

Simu ikalia ndani ya mkoba. Akanyoosha mkono, akauona umejaa damu ya kuku mpaka kwenye kifundo. Akakimbilia bomba, akalifungua mpaka mwisho. Likakoroma, likanyamaza. Karibu yake kulikuwa na ndoo ya Mama Kicheko, imejaa pomoni, njano. Akasimama katikati, mikono ameiinua mbali na nguo, na simu ikaendelea kuita.