Mchana wa Masaa Sita

Mwalimu wa jiografia hakuwahi kuonekana bila rula yake ya mbao, kwa hiyo darasa zima lilimwita Rula. Mwanzoni mwa muhula alibandika karatasi nyeupe ukuta mzima wa nyuma, akatangaza kwamba safari hii watoto wangetafuta mahali palipofichwa duniani kwa kutumia jua peke yake. Kila kundi lilipewa mahali pa siri. Kila Jumatatu lingeletewa saa ya jua kuchomoza na saa ya kuzama huko, lipige hesabu ya urefu wa mchana, kisha litie nukta ukutani. Nukta zingeunganishwa zikawa mstari, na mstari ungeonyesha ni wapi. Majibu aliyafungia ndani ya bahasha, kwenye droo.

Alieleza vizuri, hilo hakuna wa kumnyima. Alizima taa, akawasha tochi, akazungusha mpira wa miguu mbele yake. Karibu na katikati ya dunia, alisema, mchana ni masaa kumi na mawili hivi mwaka mzima, na mstari wake hulala tu kama mtu aliyeshiba. Ukienda mbali na katikati, mchana hurefuka au hufupika wiki hadi wiki, na mstari hupanda au hushuka. Watu hudanganya, akasema, lakini jua haliwezi.

Maneno hayo yalimwingia msichana mmoja wa safu ya pili. Nyumbani aliitwa Njiti kwa wembamba wake, na hata shuleni lilikuwa hilohilo. Mama yake alikuwa ameondoka miaka miwili nyuma kwenda kufanya kazi za ndani nje ya nchi. Nyumba ya kwanza waliijua, hadi jina la mtaa. Kisha siku moja mama akapiga simu na kusema kwa haraka kwamba amehamishwa. Alipakiwa kwenye gari lenye vioo vyeusi, akasafiri mpaka usingizi ukamchukua, akateremshwa ndani ya gereji. Mji hakuujua, na hata nchi hakuwa na uhakika nayo. Tangu hapo alipiga kila Jumapili kwa simu ya bosi wake wa kike. Namba ilikuwa imefichwa, na bosi mwenyewe alikaa ubavuni. Njiti au bibi yake akigusia habari za mtaa, simu ilichukuliwa na kukatwa.

Waliishi wawili, Njiti na bibi, katika chumba cha nyuma ya duka la fundi cherehani. Bibi alimshonea fundi vifungo na kukunja pindo. Kila Jumanne alivaa kanga yake safi, akaenda ofisini kwa wakala aliyempeleka binti yake, akakaa kwenye benchi na kuuliza mwanawe yuko wapi. Kila Jumanne aliambiwa suala linafuatiliwa. Alirudi akasali kabla ya chakula, na sala yake ilikuwa na pengo mahali palepale: "Mungu, umlinde mwanangu huko aliko, Wewe unayepajua."

Kwa hiyo Njiti alikwenda mezani kwa mwalimu akaomba afanye peke yake, na mahali pake pa siri pawe pale alipo mama. Rula alifurahi. Alimwambia kuwa hii ndiyo siri ya kweli, maana hata yeye hana bahasha yake. Akampa nafasi nzuri ukutani, katikati, na penseli nyekundu.

Jumapili ile Njiti alimwambia mama kuwa ana kazi ya shule. Alimsikia mama akimweleza bosi kwa lugha ya huko, na bosi akacheka kidogo. Jua halikuwa mtaa, basi likaruhusiwa.

"Mama, huko mwanga unaingia saa ngapi, na unatoka saa ngapi?"

Mama alijibu mara moja, kwa sauti ya mtu aliyefurahi kuwa na kitu cha kumpa mwanawe. Mwanga unaingia saa tatu asubuhi, na saa tisa alasiri umeshaondoka.

Masaa sita. Njiti hakulala vizuri kwa furaha. Masaa sita ya mchana ni mbali sana na katikati ya dunia, ni kwenye theluji, na sehemu za namna hiyo duniani si nyingi. Alianza kuzisoma kwenye atlasi ya shule, mji kwa mji, huku akifunika mingine kwa kiganja.

Jumatatu ya pili nukta yake ikaangukia palepale. Ya tatu, palepale. Mistari ya wenzake ilikuwa imeanza kupanda na kushuka, na kundi moja lilikuwa limeshaanza kubishana kati ya miji miwili. Wake ulilala. Ulilala chini kabisa, mahali ambapo hakuna mstari unaoruhusiwa kulala.

Jumatatu ya nne Rula alisimama mbele ya ukuta, akaugonga ule mstari mwekundu kwa rula. Aliliuliza darasa ni mahali gani duniani ambapo mchana ni masaa sita, wiki nenda wiki rudi, haurefuki wala haufupiki. Akajibu mwenyewe kwamba mahali hapo hapapo, labda mama wa mwenzao anaishi ndani ya friji.

Watoto walicheka mpaka madawati yakatikisika, naye Rula akawaacha wacheke, kwa sababu mara chache alichekesha. Kuanzia hapo jina la Njiti likafa. Akawa Friji. Walipompita walijikunyata na kutetemesha meno. Mmoja alifungua begi lake akalichungulia, akauliza kama kuna soda ya baridi. Msichana aliyekaa naye dawati moja alihamia safu ya nyuma, akasema anaogopa mafua. Njiti aliwajibu kwamba wao ndio hawajui hesabu, na kwamba mwisho wa muhula wataona. Sauti yake haikuwa na nguvu.

Kulikuwa na mvulana waliyemwita Spika kwa sababu hakuwa na sauti ndogo. Huyo ndiye aliyeupeleka utani mahali ambapo wengine hawakufika. Wakati wa mapumziko, kwenye foleni ya bomba, alimgeukia mbele ya wote.

"Ebu niambie, Friji. Huko kwa mama'ko, mtu akifungua mlango, ndiyo taa inawaka?"

Wenzake walishikana mabega kwa kicheko. Njiti alibaki ameshika kikombe chini ya bomba, maji yakajaa, yakamwagikia viatu. Hakuwa amekasirika. Alikuwa amepata jibu. Friji huwa na mwanga kwa muda ule tu ambao mtu ameifungua. Mtu akifungua saa ileile kila siku, na kufunga saa ileile, mstari utalala.

Jumapili aliuliza taratibu, kana kwamba bado ni hesabu. Ni nani anayeuleta huo mwanga saa tatu?

Mama hakuona ubaya wa swali. Alisema ni mama mwenye nyumba, akiamka, anapandisha mapazia ya chuma. Saa tisa anayashusha ili jua lisiharibu rangi ya makochi. Yeye analala stoo, nako hakuna dirisha, ila jikoni mwanga unafika. Aliyasema haya kama mtu anayeeleza utaratibu wa nyumba yoyote.

"Na wewe, Mama, jua lenyewe umeliona lini?"

Mama akasema kwa sauti ya chini kwamba huwa anamwona paka wa jirani ana jua mgongoni.

Njiti alimwomba kitu kimoja. Siku moja tu wiki hii na siku moja wiki ijayo, aombe ruhusa pazia lipandishwe alfajiri na liachwe hadi jioni, atazame saa. Namba mbili za kweli zingetosha kuanzia. Mama alisema atajaribu. Njiti alimsikia akimgeukia bosi, akaanza kueleza, na mara hii hakikusikika kicheko. Simu ikakatika.

Jumapili iliyofuata simu haikuita. Bibi aliiweka mezani, juu ya kitambaa safi, akashona vifungo vya mashati yote mawili yaliyobaki, kisha akavikata na kuvishona upya. Jumapili ya pili iliita mchana. Sauti ya mama ilikuwa kama ya mtu aliyeumwa koo. Alisema yuko salama. Alisema ameambiwa asizungumze tena habari za jua, na kwamba kuanzia sasa atapiga mara moja kwa mwezi, akifanya vizuri. Halafu akasema haraka, kwa sauti ya kumbembeleza:

"Mwanangu, huyo mwalimu anataka mchana uwe mrefu kiasi gani? Mwambie ni huohuo. Usiaibike kwa ajili yangu."

Kesho yake Njiti alimngoja Rula nje ya ofisi ya walimu, akamweleza yote: pazia, makochi, stoo, paka. Alimwambia mstari si wa jua, ni wa mtu aliyefungiwa. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho, tena uso wake ulibadilika kidogo, kwa hiyo Njiti akapata tumaini. Kisha akatazama saa. Alisema mambo ya nyumba za watu ni ya watu wazima, na bibi yake ana wakala wa kumuuliza. Yeye alikuwa na maonyesho siku ya Ijumaa. Bodi ya shule inakuja, wazazi wanakuja, na hawezi kuwa na mstari unaopingana na dunia katikati ya ukuta wake.

Waliingia darasani, akachukua kifutio, akaufuta ule mstari mwekundu. Ulifutika vibaya, ukaacha alama ya waridi. Juu yake alichora mwingine unaopanda vizuri, kwa mkono wa mtu aliyezoea, akamwambia Njiti achague mji. Njiti aliendelea kuitazama ile alama ya waridi. Basi Rula akamchagulia: mji mmoja wa kaskazini, kando ya ziwa, uliokuwa na picha kwenye kalenda ya ukutani ya mwalimu, mwezi wa sita. Akaikata ile picha na mkasi, akaibandika mwisho wa mstari.

Ijumaa bibi alikuja na kanga yake ya Jumanne. Wageni walipita ukutani wakisoma na kutikisa vichwa. Rula aliwaeleza kuhusu mtoto huyu ambaye, kwa jua tu, amemtafuta mama yake akampata. Mjumbe mmoja wa bodi alitoa leso. Watu wakapiga makofi. Spika naye alipiga, kwa nguvu kuliko wote, maana alikuwa ameaminishwa na hakuwa mtoto wa kinyongo.

Bibi alisogea karibu na picha. Palikuwa na maji, maua mekundu, na benchi tatu zikitazama ziwa. Alizigusa moja moja kwa kidole.

"Kumbe ana hata mahali pa kukaa," alisema.

Njiti alimshika mkono akitaka kumtoa nje amwambie. Lakini bibi alikuwa tayari anamwomba mwalimu amtamkie jina la mji. Akalirudia kwa midomo, mara nyingi, kama mtoto anayetumwa dukani. Jioni ile, kabla ya chakula, sala yake haikuwa na pengo tena. Alilitaja jina lote bila kukosea, akamshukuru Mungu kwa jua refu la huko, akanyamaza akingoja. Njiti akasema amina.

Jumanne walikwenda wote wawili kwa wakala. Bibi hakukaa kwenye benchi. Alisimama mbele ya meza, akamwambia wakala, kijana mwenye tai, kwamba hana haja ya kumsumbua tena, maana wamejua binti yake alipo, akautaja mji. Wakala alikuwa akiandika kwenye simu. Hakuinua macho.

"Ndiyo, bibi. Ni huko huko. Sasa nenda kapumzike."

Bibi alifunika uso kwa viganja, akashukuru. Ndipo Njiti aliposema, si kwa kelele, kwamba mama hayuko huko.

Wakala aliiweka simu chini. Kwa mara ya kwanza tangu bibi aanze kuja pale alimtazama mmoja wao sawasawa.

"Nani kakwambia?"

Njiti alifungua mdomo, lakini bibi alimtangulia. Alisema mtoto anasoma sana siku hizi, amechoka, mwalimu wake mwenyewe ndiye aliyeuonyesha mji mbele ya watu wazima. Akaomba radhi kwa utovu wa adabu wa mjukuu wake, akamsukuma taratibu kwa bega hadi mlangoni. Nyuma yao wakala aliichukua tena simu.

Nje jua lilikuwa kali. Bibi alivuta upande wa kanga, akamfunika mjukuu wake kichwani, wakaanza kurudi. Njiani alisema Jumanne ijayo atapata nafasi ya kufua mashuka, kwa kuwa hana tena pa kwenda.