Uji wa Bibi Kandambili

Bibi Kandambili alivua ndala ya mguu wa kulia, akaipangusa vumbi kwa heshima zote, akamzaba nayo Jenerali Jogoo usoni. Manyoya yakaruka. Sufuria aliyoivaa Jenerali kichwani ikalia ngoo, naye akapepesuka, akasema, "Shikamoo, bibi," kisha akaanguka kifudifudi. Shyaka alicheka hadi yai alilokuwa akila likampalia. Alikuwa amekaa juu ya magunia katika ghala moja la Masoro, saa ya mapumziko, na Jenerali aliyelala chini, ndani ya simu, alikuwa wake.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kipuuzi, tusidanganyane. Wachezaji wawili, kila mmoja na simu yake. Unampiga mwenzako pigo moja, halafu unatulia mpaka naye arudishe. Akichukua saa nzima kufikiri, mchezo unamngoja, na Jenerali anajikuna kwapa. Wapakizi wenzake waliupakua, wakacheka wiki moja, wakaufuta. Shyaka hakuweza. Huyu alikuwa bondia, kijana aliyekulia kwenye ngumi ambazo hazijawahi kumngoja mtu, lakini aliamka akiitazama simu kabla ya kunawa uso, na msimamizi alipomnyang'anya alimfuata nyuma akimbembeleza mbele ya watu, bila aibu.

Sababu ilikuwa upande wa pili wa mchezo. Huko Busanza, katika nyumba ya ghorofa alimohamishiwa pamoja na mama yao, alikaa kaka yake Arnaud, na Bibi Kandambili alikuwa wa Arnaud.

Arnaud ndiye aliyemfundisha Shyaka kujifunga bendeji mikononi. Alikuwa bondia bora kuliko mdogo wake, na Shyaka alilijua hilo wala halikumuuma. Mwaka jana, raundi ya sita, mtu anayeitwa Mutsinzi alimpiga Arnaud ngumi ya sikio. Mikono ya Arnaud ikashuka. Macho yalibaki wazi, lakini mwenyewe hakuwemo. Alikuwa amesimama tu kwa mazoea. Refa alikuwa nyuma yake, hakuona. Mutsinzi alikuwa mbele yake, aliona, na akampiga nyingine tatu. Ya mwisho ilimgeuza shingo akaanguka kwa kisogo, na waliokaa mbele walisikia mlio wa fuvu kwenye mbao.

Walimpasua kichwa. Akatoka hospitalini na mguu unaoburuta na maneno yanayochelewa kufika. Ukimwuliza amekula nini, unamaliza kufua shati ndipo anasema maharage. Wageni walikuja, wakampa pole, wakamalizia sentensi zake, wakaaga haraka. Hata Shyaka alimmalizia sentensi, na kila alipofanya hivyo alijichukia. Mchezo ule peke yake haukuwa na haraka naye. Ndani yake Arnaud alikuwa yule yule wa zamani, mjanja, mchokozi, anayejua utainamia wapi kabla hujainama. Shyaka alikuwa akichezea simu ili apigwe na kaka yake kama zamani, na alipopigwa alifurahi kuliko alivyowahi kufurahia ushindi.

Bibi Kandambili alikuwa na kitu kingine mkobani: chupa ya uji. Badala ya ndala unaweza kuchagua uji. Bibi anamkalisha adui, anamfunga kitambaa shingoni, anamnywesha. Adui analia hadi makamasi, anaweka silaha chini na kwenda zake. Pambano linakwisha, hakuna mshindi, hakuna pointi. Wachezaji wote waliuona uji kuwa upuuzi mtupu. Lakini Arnaud alipocheza peke yake dhidi ya mazimwi ya mchezo aliyanywesha karibu yote. Mdogo wake hakumpa hata tone.

"Kaka, mbona mimi unanipiga tu?" Shyaka alimwuliza Jumapili moja. Nyumbani walisema Kinyarwanda, ila mambo ya ngumi na ya mchezo waliyasema Kiswahili cha ukumbi wa mazoezi.

Mama yao, Mukarugwiza, alikwishaosha vikombe na kuvifunika jibu lilipofika.

"Igikoma iko ya mgonjwa," Arnaud alisema, akiuita uji kwa Kinyarwanda. "Wewe iko mzima."

Shyaka aliomba mwenyewe kupigana na Mutsinzi. Kocha Eustache, mzee wa Bukavu aliyewalea wote wawili katika ukumbi wa Kimisagara, alikataa, kisha akakubali, kisha akajuta. Maana Shyaka alianza kupiga vibaya. Alimvunja mwenzake ubavu katika mazoezi ya kawaida, na siku nyingine akaendelea kumshindilia mtu aliyekwisha piga goti. Eustache alimvuta kwa kaptula, akamsukuma ukutani.

"Unataka kumushinda, ao unataka kumuua?"

"Iko moja tu, kocha."

"Haiko moja," mzee alisema. Akawakataza wengine kupanda ulingoni naye, akawa anampa gunia tu, na Shyaka akalipiga mpaka mshono ukaachia.

Siku moja kabla ya pambano alikwenda Busanza kula. Aliwaeleza atakavyofanya: mwili kwanza, ini, halafu taya. Mama alimwongezea ugali. Arnaud aliweka simu chini. Ilionekana neno linamjia, na safari hii Shyaka alijikaza akalingoja.

"Mutsinzi," Arnaud alisema. Akapumzika. "Mupe igikoma."

Shyaka akacheka kwa sauti. Mama naye akacheka, ingawa machozi yalikuwa karibu. Wote wawili walidhani kichwa cha maskini kimechanganya ulingo na simu, na Shyaka akampapasa kaka yake bega kama mtu anavyompapasa mtoto. Arnaud hakucheka. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akachukua simu yake tena.

Pambano liliangukia Jumamosi ya mwisho ya mwezi, na asubuhi ilikuwa umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, ambayo haimsamehe mtu eti kwa kuwa ana ngumi za kutupa mchana. Walipangwa kuzibua mfereji chini ya bonde, watu wa juu upande huu na watu wa chini upande ule. Shyaka aliinua macho kutoka kwenye tope akamwona Mutsinzi mbele yake, ana jembe, amevaa mabuti ya mvua.

"Arnaud iko namna gani?" Mutsinzi aliuliza kwa sauti ya chini.

Shyaka aliendelea kuchimba.

"Nilikuja kwenu mara mbili. Nilifika kwa mlango, nikarudi." Mutsinzi alifuta jasho kwa kiwiko. "Nilikuwa nangoja refa aniambie basi. Hakusema."

"Na mimi leo nitangoja refa," Shyaka alisema. Akashusha jembe kwa nguvu karibu na buti la mwenzake, tope likamrukia Mutsinzi usoni. Watu wakawageukia. Mutsinzi alijifuta, akainama, akaendelea na kazi.

Ukumbi ulijaa mapema. Mama alimleta Arnaud, wakakalishwa mstari wa mbele, nyuma ya kona ya Eustache. Kengele ilipolia, Shyaka alitoka mbio.

Haikuwa ngumi ya kupendeza. Raundi ya kwanza Mutsinzi alimvunja pua, na tangu hapo Shyaka alipumulia mdomo na kumeza damu yake mwenyewe. Ya pili alimpasua Mutsinzi nyusi, kisha akailenga nyusi hiyo hiyo, akaipiga, akaisugua kwa mshono wa glavu walipokumbatiana, hadi nyama nyeupe ikaonekana. Mutsinzi alimpiga kichwa. Shyaka alimpiga chini ya mkanda. Refa aliwaonya wote, na watu wakapiga kelele kwamba awaache. Kati ya raundi Eustache alimziba pua kwa pamba akimwambia maneno ambayo Shyaka hakuyasikia. Alikuwa na chuki tele, na chuki ile ilimpa nguvu, na aliipenda.

Raundi ya tano ngumi ya kushoto ilizama kwenye ini. Mutsinzi alikunja uso. Ya kulia ikamfikia tayani, kinga ya meno ikaruka ikaangukia kwenye kamba, na refa akainama kuiokota.

Mikono ya Mutsinzi ikashuka. Macho yake yalikuwa wazi, na hayakuwa na mtu.

Shyaka aliyajua macho yale. Alikuwa ameyaota. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu avae glavu, hakukuwa na ngumi inayomjia. Mutsinzi alisimama akiyumba kidogo, refa yuko chini anatafuta, ukumbi umenyamaza. Kila kitu kilimngoja achague, kama kwenye simu. Alipata nafasi ya kuvuta pumzi nzima. Na katika kimya hicho alisikia nyuma yake sauti ya Arnaud ikianza neno.

"Igi..."

Alilijua neno lote. Angengoja kidogo tu lingefika.

Hakungoja. Alipiga ya kwanza, Mutsinzi akarudi hatua. Alipiga ya pili, na taya likakatika mkononi mwake. Alilisikia likikatika kupitia glavu. Ya tatu aliitoa nyuma kabisa, akaipeleka na mwili wote, na Mutsinzi akaanguka kwa kisogo, mbao zikalia ule mlio. Refa aliinuka na kinga ya meno mkononi, akiwa amechelewa.

Watu walimbeba Shyaka juu juu. Huko juu alimtafuta kaka yake, akamwonyesha mkono. "Nimemaliza, kaka!" Arnaud alikuwa amejifunika uso kwa viganja viwili. Mama alimshika kwapani, akamwinua, wakaondoka polepole kwa sababu ya ule mguu, wakipishana na machela.

Jumatatu, pua ikiwa imefungwa plasta, Shyaka alifungua pambano jipya kwenye simu, akamtuma Jenerali Jogoo amdonoe Bibi goti. Kioo kikaandika: Zamu ya Arnaud. Alitazama wakati wa mapumziko. Zamu ya Arnaud. Alitazama jioni, alitazama kesho yake, na siku iliyofuata. Jenerali alijikuna kwapa. Kwenda Busanza hakwenda. Alijiambia pua inauma, lakini ukweli alikuwa na hofu. Eustache alimpigia simu kumwambia kwamba Mutsinzi ameamka, na kwamba hamtambui mke wake. Baada ya hapo mzee alikata simu, bila kumwambia lini arudi mazoezini.

Simu ilitetemeka siku ya Ijumaa, wakati wapakizi wamemzunguka wakimtaka arudie kuwaonyesha ngumi ya tatu. Aliitoa mfukoni kwa pupa. Jenerali alikuwa mzima kabisa, manyoya yote, nguvu zimejaa hadi mwisho, upanga juu. Shyaka alijiandaa kuzabwa ndala, na alitamani sana azabwe.

Bibi Kandambili hakugusa ndala yake. Alifungua mkoba, akatoa chupa. Alimshika Jenerali bawa, akamkalisha, akamfunga kitambaa shingoni, akampulizia uji usimuunguze, akaanza kumnywesha.

Wapakizi wakaangua kicheko jogoo alipoanza kulia makamasi. "Kaka yako amekuonea huruma, bwana," mmoja alisema. Jenerali akavua sufuria, akaweka upanga chini, akaondoka zake akichechemea, na kioo kikabaki cheupe.

Shyaka alikaa chini kwenye saruji. Akaitazama mikono yake juu ya magoti, asijue aiweke wapi.